Masomo ya Hiari na Safari ya Uzamili: Mhadhara kwa Vijana wa Usambara



Nakusudia kusema juu ya jambo ambalo aghalabu huamuliwa kwa dakika chache, katika juma la kwanza la muhula, mbele ya orodha ya usajili, na mwamuzi akiwa ni kijana wa miaka ishirini au ishirini na moja aliyeshauriwa na mwenzake wa chumbani tu. Nalo ni uchaguzi wa kozi za hiari katika shahada ya kwanza. Jambo hili huonekana dogo kwa sababu chuo chenyewe kimekwisha kuamua sehemu kubwa ya masomo, na yanayoachwa mikononi mwa mwanafunzi ni machache. Lakini miaka michache baadaye, kijana huyo anapoketi kuomba nafasi ya shahada ya uzamili, hayo machache ndiyo yatazamwayo kwa makini, maana katika transkripti nzima hapana mahali pengine ambapo rai yake mwenyewe inadhihirika. Kwamba alisoma Taaluma za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano hakumwambii msomaji wa maombi neno lolote juu yake, kwa kuwa maelfu ya wenzake walisoma hayo hayo kwa amri. Kwamba alisoma takwimu ilhali hakulazimishwa, au lugha ya kigeni, au historia ya ardhi hali yeye ni mtu wa kilimo, hilo ni ushahidi.

Na tuanze na hofu, kwa kuwa kozi nyingi huchaguliwa na hofu kabla akili haijaulizwa. Vyuo vyetu vingi humpima mwanafunzi kwa wastani wa alama, ambao kila mtu huuita GPA, katika mizani ya tano, ambamo A ina thamani ya 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2, kila alama ikizidishwa kwa uzito wa kozi yake, anayefikia 4.4 hupata daraja la kwanza, anayefikia 3.5 hupata daraja la pili la juu, na anayefikia 2.7 hupata daraja la pili la chini. Hesabu hizi si za kupuuzwa hata kidogo. Mlango wa uzamili katika vyuo vya nchi hii kwa kawaida hufunguka penye 2.7, ufadhili mwingi wa ng'ambo, kama ule wa Jumuiya ya Madola, huanza kumtazama mwombaji akiwa na daraja la pili la juu, na matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma, hata kwa ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo, yamekuwa yakidai 3.8 katika shahada ya kwanza. Basi kijana akisikia hayo, na akisikia tena kwa waliomtangulia kwamba kozi fulani ina sapu nyingi na mhadhiri wake ni bahili wa alama, huikimbia takwimu, huikimbia hisabati, huikimbia lugha, akaangukia kozi ambayo maswali yake ya mtihani hurejea kila mwaka kama yalivyokuwa.

Simlaumu kwa kuogopa, kwa maana hofu yake ina asili katika sheria zilizotungwa na wakubwa wake. Namwomba tu aipime hofu hiyo kwa hesabu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360 kwa uchache. Tuseme mwanafunzi ameacha kozi nyepesi ambayo angepata B+, akachukua nzito yenye krediti 12, akaambulia C: amepoteza pointi 2 mara krediti 12, yaani 24, na 24 ikigawanywa kwa 360 haifiki hata 0.07. Aliyekuwa na 3.9 angali juu ya 3.8, aliyekuwa na 4.0 hakuguswa katika jambo lolote la maana. Kwa mwenye 3.82 hatari ni ya kweli, naye hana budi kutafakari na kutafuta njia nyingine, kama kusoma kozi hiyo mapema akiwa na muda wa kujirekebisha; lakini walio wengi huikimbia takwimu si kwa kuwa wamekaribia ukingo, bali kwa kuwa hawakupiga hesabu. Na upande wa pili wa mizani hawautazami kabisa: kwamba wastani mzuri uliopatikana bila zana za kazi humfikisha mtu mlangoni, kisha anaulizwa aliyoyaacha.

Sasa niwaonyeshe jambo hili katika ardhi yetu wenyewe, kwa kuwa milima hii ya Usambara imezaa maswali ya uzamili na uzamivu kwa zaidi ya miaka mia, na aghalabu walioyauliza walitoka mbali.

Mwaka 1902 Wajerumani waliasisi taasisi ya biolojia na kilimo kule Amani, Usambara Mashariki, wakapanda miti kutoka pande nyingi za dunia, wakakusanya mimea ya msitu na kuikausha, wakaandika. Miaka 10 kabla ya hapo, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika nchi ya Usambara, alikuwa amekwisha kupeleka kwao habari na mbegu za ua dogo la zambarau linaloota penye majabali ya kivuli. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, na leo ua hilo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani ambazo wenyewe hawajui Usambara ni wapi. Katika lugha, Karl Roehl alitoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, na kamusi ya LangHeinrich ikafuata mwaka 1921, zote mbili kwa Kijerumani. Katika utawala, mafaili ya zama za Wajerumani yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengine kwa mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Tazameni basi: mwanafunzi wa mimea, mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa historia, kila mmoja akitaka kuandika tasnifu juu ya nyumbani kwao, wote watatu hukutana na lugha moja ambayo hakuna aliyewaambia waisome. Kijerumani kinafundishwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Goethe. Mwenye miaka mitatu ya chuo mbele yake ana wakati wa kutosha kufikia kusoma, ingawa si kuzungumza kama mwenyeji. Mwenye miezi mitatu kabla ya maombi hana.

Hapa sina budi kumtaja Wangari Maathai, kwa maana maisha yake yanathibitisha haya kuliko hoja zangu. Alipokuwa katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas, somo lake kuu lilikuwa biolojia, na kandokando yake akasoma kemia na Kijerumani. Akahitimu mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa uzamili wa biolojia, akaumaliza mwaka 1966. Yeyote angeweza kumwuliza binti wa Nyeri, anayesoma biolojia katikati ya Marekani, Kijerumani ni cha nini. Jawabu lilikuja aliporudi Nairobi, akaajiriwa katika idara ya anatomia ya mifugo chini ya Profesa Reinhold Hofmann, mtu wa Giessen, ambaye alimhimiza aende Ujerumani kwa masomo ya uzamivu. Akasoma Giessen na Munich, kisha akakamilisha Nairobi mwaka 1971, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada hiyo. Sisemi kwamba aliyaona hayo tangu Kansas. Nasema kwamba nafasi ilipotokea, alikuwa amekwisha kujiandaa bila kujua anajiandalia nini, na hivyo ndivyo kozi ya hiari inavyofanya kazi mara nyingi.

Lugha si zana pekee. Katika karne iliyopita, kuanzia Mlalo mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuenea katika muongo uliofuata, serikali ya Waingereza ilitaka kuiokoa ardhi ya Usambara isimomonyoke, ikawaamuru wakulima kulima kwa matuta. Wataalamu waliobuni mpango ule waliujua udongo, na mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini hawakuijua jamii: nani mwenye haki juu ya shamba, nani hulima, ni kazi ya nani itakayoongezeka, na mvua ina maana gani kwa watu ambao ufalme wao wa Wakilindi, pale Vugha, ulihesabiwa kuwa mwenye kuiponya nchi au kuiharibu. Wakulima walipinga, wanawake wakiwemo, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha serikali ilirudi nyuma. Miaka mingi baadaye Steven Feierman, Mmarekani aliyekwisha kuandika juu ya ufalme wa Washambaa katika kitabu kilichotoka mwaka 1974, alirudi kwenye habari hii ya matuta katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra. Naye hakuwa mwanahistoria tu. Alichukua uzamivu wa historia Northwestern, kisha uzamivu mwingine wa anthropolojia huko Oxford, kwa kuwa swali lake halikukubali kufungiwa katika idara moja. Hatuwezi sote kupata shahada mbili za uzamivu. Lakini mwanafunzi wa kilimo pale Sokoine, Morogoro, anaweza kutafuta kozi moja ya sosholojia ya vijijini, na mwanafunzi wa historia pale Mlimani, Dar es Salaam, anaweza kuomba kozi moja ya jiografia ya ardhi. Na anayesoma maombi yao atakapoona pendekezo la utafiti juu ya hifadhi ya udongo Lushoto, atatafuta katika transkripti kama mwandishi wake ana haki ya kulitamka.

Tena kuna tauni. Tangu mwaka 1980 ugonjwa huu uliingia wilayani Lushoto, ukawa unarudi mwaka baada ya mwaka, ukawapata maelfu ya watu, na wengi walio katika ukumbi huu wanavikumbuka vijiji vilivyoathirika. Mbona ulikaa katika vijiji hivi ukaacha vile, ilhali panya wako kote? Swali hilo liliwaleta watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho kina kituo mashuhuri cha utafiti wa panya na wadudu waharibifu, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Ubelgiji. Wakapima udongo, mwinuko, mimea, panya, viroboto na nyendo za watu kati ya nyumba, shamba na msitu. Vijana waliopata shahada za juu kwa kazi ya namna ile hawakuwa wa fani moja, lakini zana moja iliwaunganisha, nayo ni takwimu, kwa kuwa huwezi kusema kwamba kijiji cha juu kinaugua kuliko cha chini mpaka uonyeshe kuwa tofauti hiyo haikuletwa na nasibu. Kadhalika kwa ndege: mtafiti William Newmark amekuwa akinasa ndege wa chini ya msitu kwa nyavu katika Usambara tangu mwaka 1987, akiwatia pete na kuwaachia, ili ajue vipande vya msitu vilivyotengwa na mashamba vinawapoteza kwa kasi gani. Nyavu zinaweza kutegwa na kijana yeyote hodari wa Amani, na vijana wa huko wamezitega kwa ustadi mkubwa. Lakini kuzigeuza hesabu za miongo kadhaa kuwa hoja kunahitaji somo ambalo wanafunzi wetu wa biolojia hulikwepa. Linaniumiza hilo. Maarifa ya msitu tunayo, majina ya ndege na miti kwa Kishambaa tunayo, kisha tunabaki wachukuzi wa mizigo katika utafiti wa milima yetu kwa sababu ya kozi moja iliyoogopwa mwaka wa pili.

Kwa wanafunzi wa uchumi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lao liko wazi. Uzamili wa uchumi siku hizi ni hisabati, na asiyesoma hisabati ya uchumi na ekonometriki katika shahada ya kwanza ataingia akiwa nyuma, kama ataingia. Taasisi ya utafiti wa uchumi ya AERC yenye makao yake Nairobi ilianzisha mwaka 1993 mpango wa uzamili unaoshirikisha vyuo vingi vya Afrika, Dar es Salaam kikiwemo, na ikaonekana kwamba idara moja peke yake haina walimu wa kutosha kwa kila kozi ya hiari. Basi wanafunzi wa nchi mbalimbali hukusanywa pamoja kwa miezi kadhaa ili wasome kozi hizo za hiari chini ya walimu walioteuliwa kutoka kila pembe. Hii ni dalili tosha ya uzito ambao wenye ujuzi huupa uchaguzi wa kozi.

Nao wa sheria wana hadhari yao. Hapa Lushoto tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na wengi wanaotoka hapo na stashahada huendelea na shahada ya sheria kwingineko. Na wajue kwamba nchi hazilingani: Kenya, kwa mfano, hutaka mwenye shahada anayeingia katika mafunzo ya uwakili awe amesoma masomo 16 ya msingi yaliyotajwa katika kanuni, na Wakenya waliosomea sheria Uganda au kwetu wamejikuta wakirudi darasani kujaza mapengo.

Lakini kundi kubwa kuliko yote katika wilaya hii, na ambalo sisikii likisemewa, ni la walimu. Wazazi wengi humwelekeza mtoto kwenye ualimu, na wana sababu: ajira ilikuwa karibu zaidi, na Bodi ya Mikopo kwa miaka mingi iliwapa kipaumbele wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati. Kijana huyu husoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na elimu yenyewe, na kwa hivyo, akijilinganisha na mwenziwe aliyesoma botania peke yake, amesoma botania kidogo zaidi. Baada ya miaka mitano ya kufundisha sekondari, hamu ya uzamili ikimjia, hugundua kwamba kuna njia mbili: uzamili wa elimu, ambao uko wazi kwake, na uzamili wa somo lenyewe, ambao utamwuliza alisoma kozi ngapi za somo hilo na kwa alama gani. Mwalimu mtarajiwa mwenye nia ya njia ya pili sharti azielekeze kozi zake zote za hiari katika somo moja kati ya mawili, na aanze hivyo mwaka wa pili. Akizigawa nusu kwa nusu, atakuwa mwalimu mzuri wa masomo mawili, lakini mwombaji dhaifu wa yote mawili. Na mwenye kutamani elimu maalumu, kazi ambayo wilaya hii ina historia yake kwa sababu ya shule ya wasioona ya Irente na kwa sababu ya chuo kilichoanzishwa Magamba mwaka 2007 kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, asiridhike na nadharia za elimu jumuishi. Ajifunze maandishi ya nukta nundu au lugha ya alama, hata kama alama yake itapungua, kwa kuwa atakayempokea katika uzamili atataka kujua anaweza kufanya nini mbele ya mtoto.

Liko jambo jingine ambalo haliandikwi katika transkripti, nalo ni barua za wahadhiri. Maombi ya uzamili hudai wadhamini wawili au watatu wanaomjua mwombaji kwa kazi yake, na mhadhiri anayefundisha watu mia sita katika ukumbi mmoja hawezi kumjua mtu. Kozi ya hiari yenye wanafunzi kumi na wawili, ambayo wengine waliikimbia kwa ugumu wake, ndiyo mahali ambapo mhadhiri hujua jina lako, husoma insha yako mpaka mwisho, na hukumbuka kwamba ulirudi ofisini mara ya pili kuuliza. Kadhalika mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho, pale unapokuwa wa hiari: uchukueni. Barua moja ya mtu aliyekuona ukihangaika na swali gumu huweza kuifafanua ile C kwa namna ambayo wewe mwenyewe huwezi.

Haki yataka nigeukie na upande wetu sisi walimu wa vyuo, kwa maana si uadilifu kumhimiza kijana awe jasiri huku sisi tukimwadhibu kwa ujasiri wake. Kamati za udahili zinazotazama wastani peke yake, zikampita mwenye 3.4 aliyesoma takwimu na hisabati zikamchukua mwenye 3.6 asiyesoma chochote kigumu, zinawafundisha wanafunzi woga. Na idara zinazokataa mwanafunzi wa kitivo kingine asisome kozi yao, ama kwa ratiba zinazogongana mwaka hadi mwaka bila mtu kuzirekebisha, ama kwa masharti ya awali yasiyo na maana, zinafanya neno hiari kuwa tupu. Nimewaona wanafunzi wenye ari wakizunguka na fomu kutoka ofisi hadi ofisi kutafuta saini ya kusoma kozi moja nje ya idara yao mpaka muda wa usajili ukapita. Nami nasema kwamba kurekebisha hilo hakuhitaji fedha, kunahitaji wakuu wa idara wakae pamoja alasiri moja.

Kwa wale waliokwisha hitimu, na wanaoona katika maneno haya habari ya nafasi iliyopita, kuna stashahada ya uzamili, ya mwaka mmoja kwa kawaida, ambayo humwezesha mtu kujaza pengo na kuonyesha alama mpya juu ya zile za zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha watu wakiwa kazini na makwao. Ila wasikawie sana, kwa sababu baadhi ya ufadhili una kikomo: ule wa Kijerumani wa DAAD, kwa kawaida, hutaka shahada ya mwisho iwe haijapita miaka sita.

Na kwa mlio vyuoni sasa nina agizo moja la kutekeleza kabla ya muhula huu kwisha. Ombeni kwa kila mhadhiri muhtasari wa kozi mliyosoma, ule unaotaja mada, vitabu na saa, mtafute muhuri wa idara, mkauweke pamoja na vyeti vyenu. Vyuo vya ng'ambo huuliza kozi ya jina fulani ilikuwa na nini ndani yake, na huuliza baada ya miaka, wakati ambapo mhadhiri amestaafu, mtaala umebadilishwa, na karani wa idara hana nakala.